Kiuno, Makali na Kona: Mmeuliza Kuhusu Skii za Wanawake

Barua za safari hii karibu zote zinahusu skii za wanawake za milima yote, yaani zile zilizotengenezwa kupita kwenye theluji ya kila aina, na namna zinavyokubali au kukataa kuchonga kona kwenye njia zilizosawazishwa kwa mashine. Tukisema kuchonga tunamaanisha skii imelala juu ya ukingo wake wa chuma na mkia unapita mle mle ilimopita ncha. Mkia ukikwanguka kando na kusukuma theluji, huko ni kuburuza. Kuburuza si dhambi, maana ndiko kunakokupunguzia mwendo. Tatizo ni pale skii inapoburuza wakati wewe umeiagiza ichonge.

Nina urefu wa sentimita 166 na uzito wa kilo 63, na huu ni msimu wangu wa nne. Skii zangu ni za milima yote: kiuno milimita 98, nusukipenyo mita 17, urefu sentimita 168. Kwenye theluji laini zinaelea vizuri, lakini asubuhi njia ikiwa ngumu zinachelewa kuingia kwenye kona, na jioni magoti yananiuma. Siku zangu karibu zote nazimaliza kwenye njia zilizosawazishwa. Niongeze mazoezi au nibadilishe skii?
*Magoti Yamechoka*

Badilisha skii, dada. Ila kabla hujatoa pesa, soma jibu la nne hapa chini kuhusu makali, kwa kuwa huenda sehemu ya shida yako iko huko.

Kiuno ni pale skii inapokuwa nyembamba zaidi, chini ya buti. Ukiilaza skii kwenye theluji ngumu, theluji inakusukuma kupitia ukingo, na uzito wako unashuka kupitia katikati ya buti. Umbali kati ya pointi hizo mbili ni nusu ya kiuno. Kwako ni milimita 49. Kwenye skii ya kiuno cha 76 ni milimita 38. Umbali huo ni wenzo unaotaka kuirudisha skii bapa wakati wote wa kona, na kinachouzuia ni kifundo cha mguu, goti na misuli yako. Kwenye theluji laini husikii kitu, sababu skii inazama na tumbo lake lote, yaani uso wa chini, linabebwa. Kwenye theluji ngumu ukingo unazama kidogo mno, na wenzo wote unaangukia goti. Zaidi ya hapo, kuhama kutoka ukingo mmoja kwenda mwingine kunachukua muda mrefu zaidi kwenye skii pana, na huko ndiko kuchelewa unakokulalamikia.

Tafuta kiuno cha kati ya milimita 72 na 82. Kama hutoki kabisa kwenye njia iliyosawazishwa, 72 hadi 76. Kama mchana unapenda kupita kwenye vilima vya theluji iliyochambuka au kuchungulia pembeni mwa njia, 78 hadi 82. Utaoneshwa sana skii za kiuno cha 88, kama Blizzard Black Pearl 88 au Völkl Kenja 88. Ni skii nzuri kwa mtu anayegawa siku yake nusu kwa nusu kati ya njia ngumu na theluji laini. Wewe hugawi.

Namba ya pili ya kusoma ni nusukipenyo ya duara ambalo skii inataka kulichora, ambayo hutokana na mkato wa ubavu, yaani jinsi ubavu ulivyoingia ndani. Chukua skii inayogusa theluji kwa urefu wa mita 1.4, ambayo kiuno chake kimeingia ndani milimita 20 kila upande ukilinganisha na ncha na mkia. Zidisha 1.4 kwa 1.4, kisha gawa kwa mara nane ya 0.02: unapata mita 12 na robo. Hiyo ndiyo kona ambayo skii ingeichora ikiwa imelazwa kidogo tu. Kadiri unavyoilaza, inajipinda na kona inabana. Ukiilaza kwa nyuzi 45, skii ya mita 14 inachora kona ya karibu mita 10. Ukifika nyuzi 60, ni mita 7, nusu kamili. Kwa hiyo namba iliyoandikwa kwenye skii ni kona kubwa kuliko zote inazoweza kuchonga bila kuburuza. Mita 17 zako zinadai mwendo au mlalo ambao asubuhi bado huna.

Kwa uzito wako tungekwenda mita 13 hadi 15. Chini ya 12, skii inataka kugeuka hata unapopita kwenye kipande kirefu kisicho na mteremko, na inachosha. (Ikumbukwe kwamba kabla ya kiwanda cha Elan cha Slovenia kuleta skii yake ya ubavu uliopinda, SCX, mwaka 1993, skii za kawaida zilikuwa karibu zimenyooka, na nusukipenyo zao zilizidi mita 30. Kuchonga kona safi wakati huo kulikuwa kazi ya wenye misuli na mwendo mkali.)

Mwisho kagua upinde. Shikanisha skii mbili tumbo kwa tumbo. Katikati, chini ya buti, lazima uone nafasi ya milimita kadhaa: huo upinde ndio unaosukuma ncha na mkia vishike theluji. Kisha tazama ncha zinapoanza kuachana. Zikiachana sentimita 10 au 20 kabla ya mwisho, sawa. Zikianza kuachana mapema, kama kwenye robo ya mbele ya skii, ukingo unaofanya kazi ni mfupi kuliko urefu uliolipia, na skii ya sentimita 168 inaweza kukushikilia kama ya 150. Mkia uwe bapa au karibu na bapa, maana ndio unaokumalizia kona.

Je, skii ya mwanamke ni tofauti kweli, au wanabadilisha rangi na kuchora maua?
*Sidanganyiki kwa Maua*

Yote mawili yapo sokoni, na mara nyingine yanatoka kiwanda kimoja.

Kuna modeli ambazo ni skii ile ile ya wote, imepakwa rangi nyingine na kuongezewa saizi fupi. Kuna nyingine ambazo kiini cha mbao kimepunguzwa unene au kimetengenezwa kwa mbao nyepesi kama polonia badala ya mti mgumu, na karatasi ya chuma iliyomo ndani imefanywa fupi au nyembamba zaidi. Karatasi hiyo huitwa Titanal, jina linalowapoteza wengi: ni aloi ya alumini, haina uhusiano na titani. Kazi yake ni kuituliza skii isitetemeke kwenye theluji ngumu.

Njia ya kujua ni kuchukua katalogi ya mtengenezaji na kulinganisha modeli mbili kwa urefu ule ule: upana wa ncha, kiuno na mkia, nusukipenyo, halafu uzito. Vipimo vikilingana na uzito ukilingana, umeona rangi tu. Vipimo vikilingana lakini ya mwanamke ikawa nyepesi kwa gramu 200 au 300 kila moja, kuna kitu kimetolewa ndani. Si lazima iwe hasara. Kwa mtu wa kilo 52 skii laini inakubali kupinda kwa mwendo mdogo, na skii isiyopinda haichongi hata iwe ya bei gani. Kwa mwanamke wa kilo 78 anayeshuka kwa kasi, skii hiyo hiyo itapinda kupita kiasi na kutetemeka. Yeye aende moja kwa moja kwenye skii ya wote yenye Titanal kamili, wala asiombe radhi kwa mtu. Skii haijui jinsia yako. Inajua kilo na mwendo.

Jambo moja ambalo si rangi ni mahali pa kufunga vifungio, yaani vile vinavyolishika buti kwenye skii. Kwenye skii nyingi za wanawake alama ya katikati ya buti imesogezwa mbele kidogo. Kama vifungio vyako viko kwenye reli, jaribu mwenyewe: sogeza mbele sentimita 1, shuka mara tatu kwenye njia unayoijua, kisha rudisha na ushuke tena. Ukisogea mbele, ncha inashika mapema. Ukizidisha, ncha inachimba, kona inafunga ghafla na mkia unateleza kwa kuwa hauna uzito. Usiruke zaidi ya sentimita 1 kwa mara moja, vinginevyo hutajua ni nini kilichobadilika.

Nataka kumnunulia mke wangu skii za kuchongea bila yeye kujua. Ana sentimita 160 na kilo 55, anaunganisha kona vizuri ila hajaanza kuchonga. Nichukue urefu gani? Na buti nazo nimnunulie?
*Mume Mwenye Siri*

Ndugu, skii chukua sentimita 150 hadi 155, kiuno cha 72 hadi 76, nusukipenyo ya mita 12 au 13. Usiogope ufupi. Hata kwenye slalomu, yaani mashindano ya kona fupi kati ya nguzo, ya shirikisho la kimataifa la skii (FIS), kiwango cha chini kwa wanawake ni sentimita 155, na hao wanashuka kwa kasi ambayo mkeo hajaifikia. Ile kanuni ya kupima skii ya kuchonga kati ya kidevu na pua inatosha kwa kuanzia, ila uzito una sauti kubwa kuliko urefu: mrefu mwembamba ateremke saizi moja, mfupi mwenye kilo nyingi apande moja.

Buti usimnunulie kwa siri hata kidogo. Lazima awepo mwenyewe, na soksi moja nyembamba tu mguuni. Fundi atoe buti la ndani, mguu uingie kwenye ganda tupu, vidole viguse mbele kidogo tu, kisha apime nafasi iliyobaki nyuma ya kisigino. Sentimita 1.5 hadi 2 ni sawa. Ikifika 3 buti ni kubwa, na wanawake wengi mno wanavaa la namna hiyo kwa sababu siku ya kwanza dukani lilikuwa la starehe. Buti kubwa linakula miondoko: unalaza goti, mguu unacheza ndani, skii inapata habari ikiwa imechelewa. Kwa kilo 55 ugumu wa buti (flex) wa 80 hadi 90 unafaa. Shingo ya buti la wanawake hutengenezwa fupi kwa kuwa msuli wa ndama kwa wanawake wengi huanza chini zaidi. Likimbana hapo, ni umbo la shingo halimfai, na kulegeza bizimu za juu hakutatibu.

Nilinunua skii mpya za kiuno cha 76. Siku ya kwanza zilining'ang'ania theluji hata nikizilaza bapa, kama ziko kwenye reli. Fundi akazipitishia tupa chini, na sasa kwenye barafu hazishiki kabisa. Kimeharibika nini? Naweza kunoa mwenyewe nyumbani?
*Kutoka Reli Hadi Sabuni*

Una makosa mawili, na la pili limezaliwa na dawa ya la kwanza.

Ukingo wa chuma una nyuso mbili: mmoja unatazama chini, mwingine unatazama ubavuni. Uso wa chini hukatwa mshazari kidogo, kwa kawaida nyuzi 1, au 0.5 hadi 0.7 kwa anayetaka ukingo ushike mapema, ili skii ikiwa bapa chuma kisikwame. Uso wa ubavuni hukatwa kwa nyuzi 88 kwenye skii za milima yote, na 87 kwa wanaochonga kwenye theluji ngumu. Skii mpya inayong'ang'ania huwa na moja kati ya mambo mawili: vinyuzi vya chuma vilivyojikunja na kubaki baada ya kukatwa kiwandani, au tumbo limebonyea katikati kiasi kwamba kingo zimesimama juu yake. Weka rula ya chuma iliyonyooka ikivuka tumbo la skii, tazama dhidi ya taa. Mwanga ukipita katikati, tumbo limebonyea. Mwanga mwembamba kama kabari kwenye kingo mbili ni kawaida. Kabari ikiwa nene, uso wa chini umekatwa kupita kiasi, na kwa maelezo yako ndicho kitakachoonekana.

Chuma kikishaondolewa chini hakirudi. Sasa inakubidi uilaze skii nyuzi zaidi kabla ukingo haujagusa theluji, na katika pengo hilo ndimo unapoteleza. Tiba ni kupeleka skii kwenye mashine ya jiwe, tumbo lisagwe hadi lifike usawa wa chuma, kisha uso wa chini ukatwe upya kwa nyuzi 1 au pungufu. Tumbo lina unene mdogo, kwa hiyo kusaga huku hakufanywi mara nyingi katika maisha ya skii. Nyumbani noa ubavuni tu. Chini usipitishe tupa.

Hivi ndivyo unavyonoa ubavuni. Funga skii kwenye jiliwa ikiwa imesimama kwa ubavu, breki ukizishikilia kwa rababendi. Paka ukingo wino wa maka peni kuanzia ncha hadi mkia. Funga tupa kwenye kishikio chenye pembe ile ile iliyokatwa kiwandani, 88 kama hujui kuwa ni nyingine, na uipitishe kwa mikono miwili, mapigo mafupi yanayopandana, kuelekea upande mmoja tu. Usikandamize. Tazama wino: ukifutika upana wote, tupa inakata panapotakiwa. Ukibaki mstari upande wa tumbo, hujafika kwenye makali. Wino usipofutika kabisa, plastiki ya ubavu imekuzuia, na inabidi ikwanguliwe kwanza kwa kifaa chake. Hili linawakatisha tamaa watu wengi wanaodhani tupa yao ni mbovu. Mapito matatu au manne yanatosha.

Mahali ulipogonga jiwe, chuma hupata joto la ghafla na kuwa kigumu kuliko tupa. Utasikia tupa ikiteleza na kulia. Acha, maana unaua meno yake. Lainisha hapo kwanza kwa kinoo cha almasi chenye chembe kubwa. Baada ya tupa, pita na kinoo cha almasi cha 200 kisha 400, kikiwa na maji kidogo, kwenye kishikio kile kile. Malizia kwa kinoo laini cha mpira ukiushika ukingo kwa wepesi kabisa, kuondoa vile vinyuzi. Kipimo: kwangua kucha kwenye ukingo, itoke unga mweupe. Kwenye sehemu ya ncha ambayo imeinuka na haigusi theluji skii ikiwa bapa, punguza makali kidogo ili isinase.

Tupa si ya kila siku. Kwenye theluji ngumu pitisha almasi kila baada ya siku moja au mbili, na tupa uitoe pale tu almasi inaposhindwa kurudisha makali. Ukimaliza siku, futa kingo zikauke. Kutu ya usiku mmoja kwenye mfuko ulioloa inakula kazi yote.

Na ukiona tumbo limepauka karibu na kingo, hapo pamekauka nta, maana kuchonga kunafuta nta ya pembeni kwanza. Yeyusha nta kwa pasi ya skii kwa joto lililoandikwa kwenye pakiti, pasi isisimame mahali pamoja, na ikitoa moshi ujue ni moto mno. Acha ipoe nusu saa, kwangua kwa plastiki, sugua kwa brashi.

Kifungio changu kinafunguka nikiwa nimelala sana kwenye kona. Rafiki anasema nikaze hadi 8. Nina miaka 52.
*Nisikaze?*

Usikaze, mama. Kwanza tafuta kwa nini kinafunguka. Theluji iliyoganda chini ya soli inatosha. Soli iliyolika kwa kutembea kwenye lami inatosha. Msukumo wa mbele, yaani jinsi kifungio cha kisigino kinavyolibana buti, ukiwa nje ya alama yake nao unatosha, na hilo hutokea kila unapobadilisha buti bila kurekebisha kifungio. Kama soli zako ni za GripWalk, yaani zilizopinda ili kurahisisha kutembea, hakikisha kifungio chenyewe kina alama hiyo.

Namba ya ukazo wa kifungio, kama hiyo 8, haichaguliwi kwa ujasiri. Inatoka kwenye jedwali la kiwango cha ISO 11088: uzito, urefu, umri, urefu wa soli kwa milimita, na aina ya utelezaji wako, kutoka 1 ya tahadhari hadi 3 ya kasi. Kuanzia miaka 50 jedwali linakushusha ngazi moja. Soli ndefu nayo inashusha namba, maana ni wenzo mrefu zaidi. Kifungio kimeundwa hasa kuulinda mfupa wa muundi. Kano za ndani ya goti hakiwezi kuzihakikishia usalama, na wanawake huumia magoti zaidi kuliko wanaume kwenye mchezo huu. Kama yote yamekaa sawa na bado kinafunguka, fundi akipime kwa mashine. Bisibisi ya rafiki ibaki mfukoni mwake.

Nitajuaje kama nachonga au najidanganya?
*Mwanafunzi*

Geuka utazame alama zako. Kuchonga kunaacha mistari miwili myembamba, kama ya kalamu. Kuburuza kunaacha ufagio.

Anza kwenye mteremko mpole, asubuhi, njia ikiwa bado haijachanwa. Elekeza skii chini moja kwa moja, miguu iachane kwa upana wa nyonga. Ukipata mwendo kidogo, laza vifundo na magoti yote mawili upande mmoja, kisha usifanye lolote. Usizungushe nyayo. Skii zitapinda zenyewe, zitapanda mlima na kusimama, alama ikiwa kama ndoano. Rudia mara tano kila upande. Mstari ukianza mwembamba kisha ukapanuka mwishoni, umeegemea skii ya ndani au umekaa nyuma. Kandamiza ulimi wa buti la nje kwa muundi hadi skii isimame. Ukiwa mpana tangu mwanzo, umezungusha mguu. Mstari wa ndani ukikosekana kabisa, goti la ndani limebaki limesimama wakati la nje limelala, kwa hiyo laza la ndani kwanza na la nje lilifuate.

Mistari miwili ikitoka safi pande zote mbili, unganisha ndoano ya kushoto na ya kulia bila kusimama, na usihamie mteremko mkali mpaka umeunganisha kumi mfululizo.